Vijidudu vya Damu ya Ng'ombe, na Jinsi Vinavyofugwa Chupani



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ambayo wengi wetu hatujapata kuiona kwa macho, ingawa faida yake imekwisha kuingia mazizini mwetu. Ni kazi ya kuvifuga vijidudu vya damu ya ng'ombe ndani ya chupa, katika nyumba za uchunguzi ziitwazo maabara. Vijidudu hivyo ni vidogo sana, wala jicho haliwezi kuviona ila kwa msaada wa hadubini. Vitabuni huitwa vimelea, kwa sababu huishi kwa kula mali ya mwingine.

Labda mzee mmoja atauliza, "Je, wataalamu hawa wana akili timamu? Sisi twavitafuta vijidudu hivi tuviue, nao wanavifuga na kuvilisha!" Swali hilo ni zuri, na mazungumzo yetu yote ya leo ni jibu lake. Kwa ufupi twaweza kusema hivi: mwindaji hategi mtego mahali asipoijua njia ya mnyama. Hali kadhalika, mtu hawezi kutengeneza dawa ya kijidudu asichojua kinakula nini, kinalala wapi, wala kinazaana namna gani. Na mambo hayo hayajulikani vizuri mpaka kijidudu kiwekwe mahali ambapo kinaweza kutazamwa asubuhi na jioni.

Kwetu sisi wa Dodoma na nchi ya uwanda wa kati, jambo hili si mchezo. Nchi yetu ni kavu. Mvua huja msimu mmoja tu, na pengine huja kidogo. Mwaka uwele na mtama unapokauka shambani, ng'ombe ndiye ghala. Yeye ndiye mahari, ndiye maziwa ya mtoto, ndiye jembe la kukokotwa, naye ndiye hupelekwa mnadani ili mwana apate kubaki shuleni. Kwa hiyo ng'ombe mmoja akifa kwa ugonjwa usiojulikana, si nyama tu iliyopotea. Nyumba nzima imepungukiwa.

Tena nchi yetu ina historia katika kazi hii. Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha maabara ya maradhi ya mifugo huko Mpwapwa, na baada yao Waingereza wakapafanya Mpwapwa kuwa makao ya idara yao ya mifugo. Hata leo Mpwapwa pana taasisi ya utafiti wa mifugo na chuo cha kufundishia wataalamu wake, na ng'ombe waitwao Mpwapwa walipata jina lao hapo. Basi, tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu.

Maradhi manne yanayofanana

Kwanza yafaa tuyataje maradhi yenyewe. Katika damu ya ng'ombe wetu hupatikana maradhi manne makubwa. La kwanza ni nagana, aletwaye na mbung'o. La pili ni la kukojoa damu, la tatu ni ndigana baridi, na la nne ni ndigana kali. Haya matatu ya mwisho huletwa na kupe, ingawa ndigana baridi huweza kupelekwa pia na nzi waumao, na hata na sindano chafu.

Yote manne huanza kwa namna moja: mnyama ana homa, amesimama peke yake, hali, manyoya yamesimama. Baadaye kila ugonjwa huonyesha alama zake. Mwenye nagana hukonda polepole, na damu yake hupungua kwa majuma na miezi. Mwenye ugonjwa wa kukojoa damu hutoa mkojo mwekundu. Mwenye ndigana baridi hupauka au kuwa na manjano machoni, na mavi yake huwa makavu. Mwenye ndigana kali huvimba tezi chini ya sikio na mbele ya bega, kisha huhema kwa shida, na povu huweza kumtoka puani.

Lakini alama hizo huchelewa, na pengine mnyama mmoja huwa na maradhi mawili kwa pamoja. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana dawa zao si moja. Diminazeni huua vijidudu vya nagana na vile vya ugonjwa wa kukojoa damu, lakini haisaidii kitu kwa ndigana kali. Oksitetrasaiklini yafaa kwa ndigana baridi, lakini haimponyi ng'ombe ambaye amekwisha kuzidiwa na ndigana kali. Huyo ahitaji buparvakwoni, tena mapema. Mtu achomaye sindano kwa kubahatisha hupoteza fedha yake kwanza, na ng'ombe wake baadaye.

Maana ya kuotesha

Akina mama wanaogandisha maziwa katika kibuyu wanaijua kazi ya maabara kuliko wanavyodhani. Hubakiza maziwa ya jana kidogo, humimina mabichi juu yake, huyaweka mahali pa joto, na kesho yake maziwa yote yameganda. Waliobakizwa kibuyuni walikuwa bakteria hai. Wamepata chakula kipya, wamezaana. Bakteria wa namna nyingi huoteshwa hivyo hivyo maabarani, juu ya mchuzi wa nyama au juu ya kitu kama uji mzito ulioganda kiitwacho aga, ambacho hupatikana katika mwani wa baharini.

Vijidudu vya damu vya nagana, vya ndigana kali na vya kukojoa damu havikubali desturi hiyo kwa urahisi. Hivyo si bakteria. Vimezoea kukaa ndani ya mwili wa mnyama, mahali palipo na joto lisilobadilika na chakula kilichokwisha kupikwa. Ukivitoa na kuvitia katika mchuzi wa nyama, hufa. Kwa hiyo mtaalamu hana budi kuvijengea chupani nyumba inayofanana na ile viliyotoka.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Kwanza, damu lazima ichukuliwe kwa usafi mkubwa, kwa sababu bakteria mmoja wa vumbi akiingia atakula chakula chote na kuharibu chupa katika siku moja. Pili, damu haina budi kuzuiwa isigande. Ama hutiwa dawa ya kuzuia kuganda, ama hutikiswa pamoja na shanga za kioo mpaka nyuzi za kugandia zijisokote juu ya shanga na kuondolewa. Tatu, vijidudu hulishwa maji yaliyochanganywa chumvi, sukari na vyakula vingine kwa kipimo, pamoja na maji ya damu, yaani yale maji ya manjano yanayojitenga damu inapoganda. Nne, chupa huwekwa katika sanduku lenye joto kama la mwili, kadiri ya digrii 37, na hewa yake hupimwa. Tano, chakula hubadilishwa kila mara, maana vijidudu, kama viumbe wengine, huchafua mahali vinapokaa.

Kanuni hizi ni rahisi kuzisema, lakini zilichukua maisha ya watu. Kwa sababu kila kijidudu kina chumba chake katika damu: kimoja huogelea nje katika maji ya damu, kingine hujificha ndani ya chembe nyekundu, na kingine huingia katika chembe nyeupe. Asiyekijua chumba hajui nyumba ya kujenga. Na tuvitazame kimoja kimoja.

Kijidudu kiogeleacho

Kijidudu cha nagana kina umbo kama samaki mwembamba mwenye pezi upande mmoja, nacho hujinyonganyonga kati ya chembe za damu. Daktari Mwingereza, David Bruce, ndiye aliyekiona katika damu ya ng'ombe wa nchi ya Wazulu, kusini mwa Afrika, katika miaka ya 1894 na 1895. Akaonyesha pia kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Kwa heshima yake kimoja cha jamaa hiyo kikaitwa Trypanosoma brucei. Lakini wale wanaowadhuru zaidi ng'ombe wetu ni ndugu zake wawili, Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax.

Huko Marekani, mwaka 1904, Novy na McNeal walifaulu kukiotesha kijidudu cha Bruce juu ya aga iliyochanganywa na damu ya sungura. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini baadaye wataalamu walifahamu kwamba vijidudu vilivyoota katika chupa hizo, bila joto la mwili, vilikuwa vimegeuka. Vilifanana na vile vilivyo tumboni mwa mbung'o, si vile vilivyo katika ng'ombe. Na kwa kawaida havikuweza tena kumwambukiza mnyama. Chupa ilikuwa imejengwa kwa mfano wa nzi.

Kwa muda mrefu, basi, mtu aliyetaka kukihifadhi kijidudu katika hali yake ya damuni alilazimika kumtumia mnyama hai kuwa ndiyo chupa. Mfano mashuhuri ulikuwa katika nchi yetu, huko Tinde, karibu na Shinyanga. Mwaka 1934 wataalamu walichukua vijidudu vya malale kutoka kwa mtu mgonjwa, wakavipitisha kwa kondoo kwa njia ya mbung'o, na kutoka kondoo huyo kwa mwingine, mwaka hata mwaka. Walitaka kujua kama kijidudu kikae muda mrefu katika wanyama kitasahau kumdhuru mwanadamu. Habari za miaka 18 ya kazi hiyo zilipotolewa mwaka 1955, jibu lilikuwa wazi: hakikusahau. Hata hivyo, tazameni taabu yake: kulisha kondoo, kulisha nzi, na kungoja.

Ndipo mwaka 1977 huko Nairobi, katika maabara ya kimataifa ya kuchunguza maradhi ya wanyama, Hirumi na wenzake walipata njia mpya. Walitandaza chembe hai za ng'ombe chini ya chupa kama mkeka, wakamimina juu yake chakula cha maji pamoja na maji ya damu, wakaweka joto la mwili, kisha wakatia vijidudu vya damuni. Vikaishi kando ya chembe zile, vikazaana, na vilipotiwa katika panya bado viliweza kumwambukiza. Tangu Novy na McNeal hata Hirumi ilipita miaka 73. Baadaye, mwaka 1991, akina Hirumi walitoa habari ya kukiotesha Trypanosoma congolense cha damuni bila hata mkeka ule. Lakini vivax bado ni mkaidi kuliko ndugu zake.

Kijidudu cha chumba chekundu

Ugonjwa wa kukojoa damu huletwa na vijidudu vya jamaa ya Babesia, vilivyopewa jina la Babes, mtaalamu wa Rumania aliyeviona mwaka 1888. Hivi huingia ndani ya chembe nyekundu, hugawanyika vikawa jozi, hupasua chembe na kuingia nyingine. Rangi ya chembe zilizopasuka ndiyo inayotoka katika mkojo.

Njia ya kuviotesha ilifunguliwa na kazi ya malaria ya watu. Mwaka 1976 Trager na Jensen waligundua kwamba kijidudu cha malaria hakipendi hewa nyingi kama ile tunayoivuta. Wakaweka vyombo vya damu ndani ya mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, wakaufunika. Mshumaa ulikula sehemu ya hewa safi, ukazimika. Na katika hewa iliyobaki vijidudu vikastawi. Twawasihi vijana wa shule walikumbuke jambo hili: mshumaa, chombo kinachojulikana katika kila nyumba, ulifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1980 Levy na Ristic, nao wa Marekani, walifaulu kumwotesha Babesia bovis wa ng'ombe kwa fikira iliyo jamaa na hiyo. Walitia chembe nyekundu za ng'ombe katika chakula cha maji chenye maji mengi ya damu, wakaziacha zitulie chini kama tope la mtoni, bila kutikisa. Chini ya tope hilo hewa ya kuvutia ni kidogo, na vijidudu vikapata raha. Damu ilipogeuka rangi, kutoka nyekundu nyangavu kuwa nyeusi, mtaalamu alijua kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kila siku alibadilisha maji ya juu, na baada ya siku kadhaa aliongeza chembe mpya.

Kijidudu cha ndigana baridi, kiitwacho Anaplasma, nacho hukaa katika chembe nyekundu, lakini ni cha jamaa ya bakteria. Kilikataa damu ya chupani, ila mwaka 1996 Munderloh na wenzake walikiotesha ndani ya chembe za kupe zilizofugwa chupani. Hapa tena twaona kwamba nyumba ndiyo iliyokosekana, wala si chakula peke yake.

Kijidudu cha chumba cheupe

Sasa tumefika kwenye ndigana kali, na habari yake yatuhusu sana, kwa sababu ilianza kuandikwa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1897 na 1898 mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, Robert Koch, alitazama damu ya ng'ombe hapo akaona vijiti vidogo sana katika chembe nyekundu. Alidhani kwamba ni hali moja ya ugonjwa wa kukojoa damu uliojulikana Marekani. Muda si mrefu ng'ombe wa pwani ya Afrika ya Mashariki walipelekwa kusini kwa meli, na kuanzia 1901 na 1902 ugonjwa wa kutisha ukaenea katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na katika Afrika Kusini. Koch alipoitwa huko mwaka 1903 alitambua kwamba ni ugonjwa mwingine kabisa, akaupa jina la homa ya pwani ya Afrika. Lounsbury alionyesha kwamba kupe wa kahawia apendaye masikio ndiye anayeueneza, na Theiler akakipa kijidudu jina. Leo hii jamaa yake yote huitwa Theileria kwa ajili yake, na chetu ni Theileria parva.

Koch alijaribu kinga. Alishauri ng'ombe wachomwe mara kwa mara damu ya wale waliopona. Shauri hilo halikufaa kitu. Kwa nini? Kwa sababu kijidudu hiki kina vyumba viwili. Kupe akimwuma ng'ombe, vijidudu huingia kwanza katika chembe nyeupe za tezi, na huko ndiko vinakofanya uharibifu wote. Vile vionekanavyo baadaye katika chembe nyekundu ni vya kumngojea kupe mwingine avinyonye. Ndiyo maana damu ya ng'ombe mgonjwa, ukimchoma mzima, kwa kawaida haimwambukizi. Mtaalamu mkubwa alishindwa kwa kutojua chumba tu!

Na ndani ya chembe nyeupe kijidudu hiki hufanya hila ya ajabu. Hakiiui chembe, bali huiamuru izaane bila kukoma. Chembe inapogawanyika, nacho hugawanyika pamoja nayo, hata kila mtoto apate fungu lake. Tezi huvimba kwa wingi wa chembe hizo, zikaenea mapafuni na mahali pote, na ng'ombe mgeni wa ugonjwa huu huweza kufa katika majuma matatu hivi.

Hila iyo hiyo ikawa faida kwa wataalamu. Mwaka 1970, katika kazi iliyofanyika Muguga, karibu na Nairobi, Malmquist, Nyindo na Brown walitoa habari ya kuziotesha chembe za wengu la ng'ombe zenye kijidudu hiki. Chembe nyeupe ya kawaida ikitiwa chupani huishi siku chache ikafa. Lakini hizi ziliendelea kuzaana pasipo mwisho, nacho kijidudu ndani yake. Kikiuawa kwa dawa, chembe nazo huacha kuzaana. Kwa hiyo mtu aweza kutia dawa mpya chupani na kuona kwa macho kama yafaa, bila kumtesa ng'ombe hata mmoja. Dawa ya buparvakwoni tuliyoitaja, pamoja na ile iliyoitangulia, zilitokana na majaribio ya namna hiyo.

Je, chembe hizo za chupani haziwezi kuwa chanjo? Kwa ndugu yake, Theileria annulata wa nchi za Kaskazini ya Afrika na Asia, ziliweza. Huyo alioteshwa huko Palestina mwaka 1945, na kwa kupitishwa chupa baada ya chupa alipoteza ukali wake, akawa chanjo nzuri katika nchi kadhaa. Lakini kwa parva wetu ilikuwa kazi ngumu. Mwili wa ng'ombe huzikataa chembe za ng'ombe mwenziwe, na kijidudu chetu hakihami kwa urahisi kutoka chembe za mgeni kwenda za mwenyeji; ilihitajika kuchoma chembe mamilioni mengi, na mambo hayakuwa ya kutumainika.

Basi, watu wa Muguga walirudi kwa kupe. Walimlisha kupe mchanga juu ya ng'ombe mgonjwa, wakangoja ajivue na kuwa mkubwa, wakamlisha siku nne juu ya sungura ili vijidudu vikomae katika mate yake. Kisha walimsaga, wakaichuja supu yake, na kuigandisha katika baridi kali ya naitrojeni ya maji, digrii 196 chini ya sufuri. Mwaka 1975 Radley na wenzake walionyesha kwamba ng'ombe akichomwa supu hiyo ya namna tatu zilizochanganywa, na papo hapo akachomwa dawa ya jamaa ya tetrasaiklini, huugua kidogo tu kisha hupata kinga ya siku nyingi. Chanjo hii imetumika sana kwa ndama wa Wamaasai wa kaskazini mwa nchi yetu. Ni vigumu kuichukua, kwa kuwa lazima ikae katika baridi ile hadi saa ya kuchoma. Lakini imeokoa mali nyingi.

Wenzetu wa nchi kavu wasipuuze habari hii. Mahali penye ukame kupe wa kahawia ni wachache, na ndama hukua pasipo kuonja ugonjwa. Lakini ng'ombe huyo mkubwa akihamishwa kwenda malisho ya nchi yenye unyevu, au mwaka wa mvua nyingi ukileta kupe, hukutana na ndigana kali akiwa hana kinga yo yote.

Sehemu yetu katika kazi

Tusifikiri kwamba daktari wa wilaya ataotesha vijidudu kila ng'ombe akiugua. Kazi hiyo ni ya maabara chache zenye vyombo. Kwa kuutambua ugonjwa, daktari hutazama damu kwa hadubini, au hutumia vipimo vingine vya maabara, na baadhi ya vipimo hivyo vilitengenezwa kwa vijidudu vilivyofugwa chupani. Lakini yeye hawezi kuona kitu asichopelekewa. Kwa hiyo sehemu yetu sisi ni hii.

Kwanza, mwite mtaalamu kabla ya kutoa dawa. Dawa iliyotangulia huweza kuficha vijidudu katika damu bila kuuponya ugonjwa, na ukweli ukapotea. Kama kuna maabara itakayotaka kuviotesha, damu huchukuliwa na mtaalamu kutoka mshipa wa shingo, kwa sindano mpya, katika chupa safi yenye dawa ya kuzuia kuganda. Huwekwa mahali pa baridi, wala isigandishwe barafu, na hupelekwa upesi.

Pili, mahali ambapo mtaalamu yuko mbali, mfugaji aliyefundishwa aweza kumsaidia. Ncha ya sikio husafishwa na kukaushwa, mshipa mdogo hudungwa, na tone dogo huwekwa juu ya kipande cha kioo. Kwa ukingo wa kioo cha pili tone hilo huvutwa mara moja, likatandaa jembamba kama kivuli. Lisipulizwe kwa mdomo wala lisianikwe juani. Lipungwe hewani mpaka likauke, kisha lifungwe katika karatasi, maana nzi wakiachwa watalila lote. Juu ya karatasi yaandikwe kijiji, tarehe, na alama za mnyama. Kama tezi imevimba, mtaalamu atachukua pia maji yake kwa sindano, kwa sababu, kama tulivyosema, ndigana kali hukaa huko kwanza.

Tatu, mnyama aliyekufa ghafula, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, msimpasue, msimchune, wala msimle. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mwiteni mtaalamu.

Nne, toeni dawa kwa kipimo cha uzito wa mnyama, wala msigawe ya ng'ombe mmoja kwa wawili. Katika nchi kadhaa za Afrika vijidudu vya nagana vimekwisha kuonekana vinavyostahimili dawa zake. Dawa pungufu huua vilivyo dhaifu na kuwaachia wenye nguvu zizi zima. Tena sindano ile ile isitoke kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine bila kuchemshwa. Na josho lisisahauliwe, kwa maana kupe asiyepanda hana cha kuleta.

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Mfugaji afichaye ugonjwa wa zizi lake kwa haya, au kwa kuogopa kwamba ng'ombe wake watazuiwa kwenda mnadani, humpa kijidudu muda wa kufika kwa jirani. Wataalamu walikaa miaka 73 wakitafuta namna ya kumfanya kijidudu mmoja aishi chupani kama aishivyo damuni. Sisi twatakiwa tone moja la damu, na dakika chache, na ukweli.

Na ninyi wanafunzi, mnapotazama kibuyu cha maziwa nyumbani, au mshumaa unaozimika chini ya bilauri, jueni kwamba mmekwisha kukaribia mlango wa maabara. Aliyebaki ni yule atakayeingia. Twatumaini kwamba wengine wenu mtaingia, na kwamba siku moja mtarudi kutueleza habari za vivax, yule mkaidi ambaye bado hajakubali kufugwa vema.